Kasala ya Kunde Zisizoiva

Waluba wana kasala, utungo wa kumsifu mtu kwa nasaba yake, matendo yake na hata kilema chake, mpaka msifiwa ajione mrefu kuliko mlango wa nyumba yake. Wamesifiwa machifu, wawindaji na marehemu, na siku hizi hata wagombea ubunge wenye pesa ya kumlipa msifu. Kunde kavu bado. Leo nalipa deni hilo, nikiwa hapa Kasapa, mjini Lubumbashi, tulipo na Chuo Kikuu na Gereza Kuu, taasisi mbili ambazo wenyeji wanajua kwamba mtu akishaingia, siku ya kutoka haifuati sana kilichoandikwa kwenye karatasi. Ni mahali panapofaa kabisa kusifia chakula kisicho na haraka.

Nasaba kwanza, ndivyo desturi. Kunde ni Waafrika wa damu. Zimelimwa katika bara hili kwa maelfu ya miaka. Zilivuka Atlantiki katika meli za watumwa, zikafika Bahia zikageuka akaraje, zikafika kusini mwa Marekani ambako mpaka leo huliwa sikukuu ya Mwaka Mpya ili mwaka uwe wa neema. Zinavumilia jua, zinaupa udongo naitrojeni, majani yake ni mboga, na karibu robo ya uzito wa punje kavu ni protini. Tena kila punje ina jicho jeusi la kukutazama unapohangaika. Yote hayo ni mema na nayapita, maana mengi kati yake hata maharage yanaweza kujidai nayo.

Sifa yao hasa ni msimamo.

Msimamo katika nchi yetu ni adimu kuliko kobalti, na kobalti angalau tunajua iko wapi. Mheshimiwa huchaguliwa na chama hiki, akalala, akaamka ndani ya chama kile, na wapiga kura wakaambiwa kwamba ni kwa manufaa yao. Kunde hazina tabia hiyo. Kunde ulizonunua ngumu Jumatatu utazikuta ngumu Alhamisi. Ziloweke usiku kucha: zitapokea maji kwa adabu, zitavimba, zitakupa matumaini, lakini moyoni ni zile zile. Zichemshe: Lubumbashi iko zaidi ya mita 1,200 juu ya bahari, na huku kwetu maji huchemka kwenye nyuzi 96 hivi badala ya 100, kwa hiyo hata jiografia imo upande wao. Unaweza kuongeza moto mpaka mfuniko ucheze ngoma. Maji hayapandi zaidi ya hapo, na kunde zinalijua hilo.

Wataalamu wa chakula wameeleza siri ya msimamo huu. Punje zikikaa ghalani muda mrefu kwenye joto na unyevunyevu, kalsiamu iliyomo ndani yake hujifunga na pektini, ile gundi inayoshikamanisha chembe za mmea, na gundi hiyo haiyeyuki tena kirahisi kwenye maji ya moto. Maana yake ni kwamba kunde, tofauti na mawaziri, huimarika kadiri zinavyocheleweshwa. Mama aniuziaye katika soko la Kenya, mtaa wa hapa Lubumbashi na si ile nchi, anaelewa elimu hii bila kupitia chuo chochote. Ndani ya meka moja, kile kipimo cha sokoni, huchanganya za zamani na za jana, kwa mkono mwepesi, huku akiniapia kwamba ni za mwaka huu. Hajawahi kusema mwaka upi. Matokeo yake nusu ya sufuria hugeuka uji na nusu ikabaki kokoto, na mlaji hutafuna kwa tahadhari ya mtu anayevuka barabara ya Kasapa usiku.

Wapo wanaotia bikabonati. Inafanya kazi, siwezi kukana: sodiamu inachukua kiti cha kalsiamu, gundi inalegea, punje zinasalimu amri. Lakini huko ni kuhonga, na kunde zikihongwa kupita kiasi huwa na ladha ya sabuni. Hata katika kuanguka kwao zinamwachia mhongaji kitu mdomoni.

Basi nikaleta presha. Tangu mwaka 1679, Denis Papin alipoonyesha chungu chake cha mvuke, dunia imejua kwamba maji yakifungiwa hayachemki kwenye nyuzi 100, bali husonga mbele kwenye 115 na zaidi, na mfupa wenyewe hulainika. Sufuria yangu ya umeme ni mjukuu wa chungu hicho. Ina vitufe vingi kuliko redio, na kimoja kimechorwa punje tatu. Kijitabu chake kinasema dakika 25, hata bila kuloweka. Waya wake ni wa shaba. Huenda ilichimbwa huku kwetu, ikaenda Uchina kusoma, ikarudi na diploma na vazi la plastiki.

Tazama inavyokwenda. Unabonyeza punje tatu. Taa nyekundu inawaka. Mvuke unapumua pembeni, kisha kishikizo kidogo cha chuma kinainuka, tik, na mfuniko unajifunga ili mtu asijiunguze. Saa inaanza kuhesabu kurudi nyuma: 25, 24, 23. Nyumba inanukia vitunguu. Unasonga bukari kwa kujiamini, unaita watoto wanawe mikono. Inafika 6, halafu giza.

Sufuria haina kumbukumbu. Umeme ukirudi itadhani ndiyo kwanza mmekutana. Wala huwezi kuifungua uone mlipofikia, kwa kuwa kishikizo hakishuki mpaka mvuke uishe, na mvuke hauna habari kwamba watoto wamenawa. Unasimama gizani mbele ya chakula kilichofungiwa, tochi ya simu mkononi. Mvuke ukiisha unamimina kila kitu katika sufuria ya alumini, unawasha mbabula, lile jiko la makaa, unapepea kwa kipande cha katoni, moshi unakuingia machoni. Makala yakishika vizuri kabisa, yakiwa mekundu toka chini hadi juu, umeme unarudi, na mtaa mzima unashangilia.

Zilibaki dakika sita! Si saa sita. Nataka kumjua huyo mtu aliyeketi mbele ya swichi, nimwulize kama kwao hula mbichi.

Tuendelee na sifa. Ukitaka kuona msimamo unaoshinda wa kunde, tazama juu, kwenye nyaya. Mabwawa ya huku kwetu yalijengwa kwa ajili ya shaba: Mwadingusha kwenye mto Lufira mwaka 1930, kisha Koni, kisha Nzilo na Nseke kwenye Lualaba katika miaka ya 1950, yote kwa mahitaji ya kampuni ya migodi ya Union Minière. Mwaka 1982 ikakamilika laini ya kutoka bwawa la Inga hadi Kolwezi, karibu kilomita 1,700 za nyaya zinazopita juu ya vijiji ambavyo watu wake wanawasha koroboi chini yake. Ni umeme wa mkondo mnyoofu, wa volti laki kadhaa. Huwezi kuushusha njiani kwa transfoma ya kawaida ukamgawia mtu taa moja. Ulitumwa migodini na migodini utafika. Mwaka 2021 Mwadingusha ilirudi kazini baada ya ukarabati uliofadhiliwa na wenye mgodi wa Kamoa-Kakula, na umeme huo ukaelekezwa mgodini. Sina ugomvi. Aliyemlipa fundi ana haki ya kuoga kwanza.

Ila na mimi nalipa. Bili inafika hapa mtaani kila mwezi, haijawahi kukatika hata siku moja, haina delestaji, yaani mgawo, wala upungufu wa fazi. Nyumba isiyo na mita hukadiriwa kwa jumla: mtu anakaa ofisini, anawaza umetumia kiasi gani, na mawazo yake siku zote ni ya ukarimu. Kwake mimi napika kunde usiku na mchana, nina friji tatu na labda kiwanda. Waya ukiungua, wakazi tunachanga. Kabini ya transfoma ikilipuka, tunachanga. Tunanunua kebo kwa faranga zetu, tunaikabidhi kwa kampuni ya umeme, kisha kampuni inatuuzia umeme unaopita ndani ya kebo yetu. Wanafunzi katika homu, yaani mabweni yao pale chuoni, vijana waliokuja kusomea sheria na uhandisi, wanapika kwa resho, jiko dogo la umeme, iliyofungwa waya kwa plasta, na lawama ya waya ulioungua huwaangukia wao. Karibu Wakongomani wanne kati ya watano hawana umeme kabisa, kwa hiyo naambiwa nishukuru. Nashukuru. Asubuhi naona baiskeli zinaingia mjini, kila moja imepakia mifuko ya makala mpaka dereva haonekani, anasukuma kwa miguu kilomita baada ya kilomita. Ndiye mtu anayepika chakula cha Lubumbashi, na anakata msitu wa miombo uliobaki ili mji wenye kobalti kuuzunguka upate kula jioni. Hakuna waziri aliyewahi kukata utepe mbele ya baiskeli ile.

Nimetoka kwenye kunde, naona. Nirudi kwa kumsimulia fundi.

Mvua ya mwanzo ilikuwa imeunguza kebo yetu, tukachanga, tukanunua, tukamtafutia fundi hata ngazi, maana alikuja na koleo tu. Alifanya kazi vizuri, nisimdhulumu. Aliposhuka alijifuta mikono, akakohoa, akaangalia miti.

“Mama, na ile madesu ya bana?”

Kila Mkongomani anajua kwamba maharage hayo ya watoto hupimwa kwa noti. Mimi siku hiyo nilikuwa nimechoka, na mtu akichoka huwa mtiifu sana wa sheria. Nikaingia ndani, nikatoka na meka ya kunde iliyojaa mpaka kichwa kikafanya kilima, zile zile za soko la Kenya, nikammiminia katika mfuko wa plastiki kwa mikono miwili kama mtu anavyompa mkwe. Akanitazama. Akazitazama. Nazo zikamtazama, kwa macho yao meusi yote. Mwishowe akacheka, akazifunga nyuma ya pikipiki yake, akasema “Aksanti, mama,” akaenda zake.

Fazi moja ilipopotea tena, ni yeye aliyerudishwa. Safari hii hakupanda ngazi mara moja. Alisimama mlangoni akiwa na uso wa mtu aliyedhulumiwa.

“Mama, ile madesu yako haiivake.”

Nikamwuliza amezipikia nini.

“Resho. Lakini kwetu umeme hauko tangu juzi.”

Nikamwambia pole, papa, naye akapokea pole ile kwa unyonge wa kweli. Kisha akaangalia huku na huku, akasogea, akaniuliza kwa sauti ya chini kama ningeweza kumsaidia mfuko mdogo wa makala.