Maswali ya Moyoni Huko Migombani

Swali la moyoni ni lile ambalo rafiki humwuliza rafiki yake ili ajue anapenda nini, anaota kuwa nani, jambo gani linamnyima usingizi, na kama, kwa jumla, ana furaha. Mjini Moshi na katika vijiji vya mlima Kilimanjaro, kuanzia Machame upande wa magharibi, kupita Kibosho, Uru, Old Moshi na Marangu hadi Rombo, swali hili huulizwa kwa nadra, hujibiwa kwa nadra zaidi, na likijibiwa kwa ukweli huleta hasara. Hasara hiyo si ya fedha tu, ingawa fedha nayo haikosi kuhusika.

Lisichanganywe na salamu. Salamu ina maswali mengi, za nyumbani, za kazi, za watoto, za mifugo, za tangu juzi, na yote yana jibu moja. Mtu ambaye paa la nyumba yake limeezuliwa na upepo jana usiku hujibu "nzuri" kwanza, kisha huongeza "ila", na baada ya "ila" ndipo habari huanza. Mgeni asiyejua kuisubiri "ila" anaweza kukaa Moshi mwaka mzima akiamini kwamba mkoa huu hauna mwenye shida.

Watu wengi wa hapa hukutana na swali la moyoni kwa mara ya kwanza shuleni, tena kwa maandishi. Makanisa ya Kilutheri na Kikatoliki yalianza kujenga shule mlimani tangu zama za Wajerumani, na wazazi hawakutaka kuachwa nyuma, hivyo Kilimanjaro ikajaa sekondari na sekondari zikajaa mabweni. Katika mabweni hayo, kabla simu za mkononi hazijaenea, kidato cha nne hakikuisha bila otografu. Ni daftari gumu, jalada limebandikwa maua yaliyokatwa kwenye kadi ya Krismasi, kurasa zimepambwa kwa kalamu za rangi, na mwenyewe humpa kila rafiki ajaze: jina kamili, jina la utani, chakula unachokipenda, rangi, unatarajia kuwa nani, upendo ni nini, rafiki yako mkubwa ni nani.

Majibu yalifuata kanuni. Mtoto aliyelelewa kwa machalari na kiburu, vyakula vya ndizi, aliandika "chipsi kuku", chakula alichowahi kukiona stendi ya Moshi kupitia dirisha la basi. Rangi ilikuwa bluu. Matarajio yalikuwa udaktari, au urubani kwa waliokwisha kufeli hesabu. Upendo ulielezwa kwa Kiingereza kirefu kilichonakiliwa kutoka ukurasa wa mtu aliyetangulia, pamoja na makosa yake yote ya tahajia.

Hatari ilikuwa kwenye rafiki mkubwa. Mwenye daftari ndiye atakayesoma, kwa hiyo jibu la adabu ni jina lake yeye. Mwanafunzi aliyejaziwa meza madaftari 12 alitoka na marafiki wakubwa 12, kila mmoja akiwa peke yake katika daftari lake, na kila mmoja akifurahi. Lakini bweni la vitanda vya ghorofa halina pa kuficha kitu. Madaftari yote 12 yalisomwa usiku mmoja, kwa tochi moja, na mtu aliyekuwa na sauti nzuri ya kusomea. Ugomvi wa aina hii haukuwa na utetezi, maana ushahidi ulikuwa wa wino, umepambwa kwa mioyo midogo, na sahihi ya mtuhumiwa ipo chini.

Kwa watu wazima, msimu wa maswali haya ni Desemba. Wachaga, wenyeji wa mlima huu, walio Dar es Salaam, Mwanza na kwingineko hurudi nyumbani kwa ajili ya Krismasi, mabasi yanajaa, na wanaobaki Dar es Salaam hulalamika kwamba kila wanapokwenda dukani kwa Mangi, kama anavyoitwa mwanamume wa Kichaga, wanakuta kufuli. Mangi yuko kihambani, yaani kwenye shamba la ukoo. Amekaa chini ya migomba iliyopandwa na babu yake, pembeni mwa kahawa na makaburi ya ukoo, pamoja na aliosoma nao, na kata ya mbege, pombe ya ndizi, inazunguka. Mbege haina haraka. Ndizi mbivu huchemshwa, huachwa siku kadhaa zichachuke, kisha huchanganywa na ulezi uliooteshwa, na mwenye pombe huonja kwanza mbele ya wageni ili wanywe bila wasiwasi. Katika utulivu huo ndipo rafiki mmoja aliyehudhuria semina ya kujitambua huko mjini humgeukia mwenzake aliyebaki kijijini na kumwuliza:

"Mangi, hivi kitu gani hasa kinakuamsha asubuhi?"

"Ng'ombe."

Muulizaji hudhani anafanyiwa mzaha. Hafanyiwi. Ng'ombe wa mlimani hufugwa bandani, hana malisho ya kujitafutia, na asipopata majani alfajiri huita mpaka jirani wa tatu aamke. Majani yenyewe, pamoja na mabua ya mahindi, hupandishwa kutoka mashamba ya tambarare. Mtu mwenye ng'ombe wawili anakijua kinachomwamsha kwa usahihi ambao semina haiwezi kuufikia.

Ufupi wa namna hii una historia katika mazingira ya mlima. Tarehe 11 Mei 1848 mmisionari Johannes Rebmann, akiutazama Kilimanjaro kwa mara ya kwanza, alimwuliza mwongozaji wake kile kitu cheupe kule juu ni nini, naye akajibiwa kwamba yaelekea ni baridi. Rebmann akaandika maelezo marefu kuhusu theluji, na wataalamu wa London wakayabishia kwa miaka. Jibu la mwongozaji halikubishiwa na mtu.

Hata hivyo ufupi peke yake hauelezi kwa nini watu hubana majibu. Sababu halisi ni kwamba huku Moshi mapenzi ya mtu kwa jambo fulani hayabaki kuwa yake. Hupelekwa kikaoni. Anayekiri mbele ya marafiki kwamba anapenda kuimba hujikuta kwenye kwaya kabla ya Jumapili, na haujaisha mwezi ameshakuwa mweka hazina wa kwaya, akidaiwa fedha za sare. Anayesema kwamba moyo wake hutulia akiwa jikoni hukabidhiwa masufuria ya msiba, na utulivu wake hupimwa kwa machalari ya watu 300. Anayependa kupiga picha hupiga za harusi ya binamu, bure, na kulaumiwa kwamba bibi harusi katoka kafumba macho. Anayesema anapenda kuwasikiliza watu hufanywa mwenyekiti wa vikao vya harusi, kazi ambayo haina kusikiliza hata kidogo. Ni kupiga simu na kudai ahadi za michango kwa watu wasiopokea.

Mwenye bahati mbaya kuliko wote ni anayependa kuandika. Huyo huwa mwandishi wa wasifu wa marehemu wa ukoo mzima. Huitwa usiku, hupewa karatasi yenye tarehe tatu zinazopingana na orodha ya wajukuu isiyokamilika, na asubuhi kazi yake husomwa mbele ya jeneza na mtu mwingine aliyesahau miwani. Kila marehemu lazima awe alikuwa mcheshi, mchapakazi na mpenda watu. Baadhi ya marehemu hao mwandishi aliwafahamu, na hapo ndipo kipaji kinapohitajika. Jina la mjukuu likisahaulika, wenye mjukuu hawatamsemesha mpaka Pasaka.

Ndiyo maana mtu mwenye akili yake timamu, akiulizwa anapenda nini, husema "kupumzika". Hakuna kamati ya kupumzika.

Lipo pia jibu ambalo Watanzania wengine wamekwisha kuwaandalia Wachaga: hela. Kichekesho kinachojulikana nchi nzima hudai kwamba ili kuthibitisha Mchaga amekufa, idondoshwe sarafu karibu na sikio lake. Wachaga wenyewe hukisimulia kuliko mtu yeyote, wala si kwa unyenyekevu. Kinawafaa. Anayejibu "hela" haulizwi swali la pili, na yaliyomo moyoni mwake hubaki salama. Jibu lenyewe si la uongo kabisa. Wakulima wa kahawa wa mlimani walianzisha chama chao mwaka 1925, kikafuatiwa na chama cha ushirika cha KNCU mwaka 1933, na fedha ya kahawa ndiyo iliyolipa karo za watoto wengi, ambao baadaye wangeandikiana kwamba rangi yao ni bluu.

Kundi jingine la waulizaji hupanda mlima. Mgeni kutoka Ulaya au Marekani hutembea na mwongozaji na wabeba mizigo, maarufu kama wagumu, kwa siku tano, sita au zaidi, na kufikia Horombo, kwenye mita 3,720, anaona wamekuwa marafiki wa kutosha kuulizana ya ndani. Humsimamisha mgumu mmoja, ambaye kanuni za hifadhi zinamruhusu kubeba mzigo usiozidi kilo 20 na ambaye angependa kwanza kuutua, na kumwuliza kupitia kwa mwongozaji ndoto yake maishani ni nini.

Mgumu hujibu kwa kirefu. "Mwambie, kaka, namalizia choo cha nyumbani, zimebaki bati nne. Nina nguruwe wawili wanakaribia kuzaa. Mtoto anaingia kidato cha kwanza Januari. Halafu muulize vile viatu vyake, akishuka navyo atavifanyia nini, maana mguu wangu ni 42."

Mwongozaji humgeukia mgeni. "Anasema anaupenda sana mlima."

Mgeni huguswa, huandika kwenye daftari lake, na viatu hurudi navyo kwao. Mkosaji hapa si mgumu. Yeye alijibu kikamilifu, na kwa haki ndiye mtu pekee mkoani aliyeulizwa swali la moyoni akatoa jibu lenye idadi ya bati. Upande wa pili nao una ajali zake. Mgumu akimwuliza mgeni anatafuta nini huko kileleni, na mgeni akajibu kwamba anajitafuta, kambi nzima huingiwa na huzuni. Kwa kijana wa Kitanzania, mtu ambaye bado anajitafuta ni mtu asiye na kitu mfukoni, na matumaini ya bakshishi huanza kupungua hapo hapo.

Juu zaidi, njiani kuelekea Uhuru, mita 5,895, swali la hali hubadilika kuwa la afya. Mwongozaji huuliza kama kichwa kinauma, kama chakula kimekaa tumboni, kama usingizi ulikuja. Hapo ndipo "nzuri" inapogoma kupokelewa: waongozaji wengi hubeba kifaa kidogo cha kubana kidoleni kinachopima oksijeni, na anayejibu kwa adabu huku midomo inabadilika rangi huteremshwa.

Chini, kwenye migomba, majibu ya kweli yapo, ila hayaji kwa kuulizwa uso kwa uso. Huja mikono ikiwa na kazi. Usiku wa kuamkia harusi wanawake huketi kwenye viroba na vigoda kumenya ndizi, mkungu baada ya mkungu. Ndizi mbichi ina utomvu unaoganda viganjani na kuacha weusi wa siku kadhaa, hivyo kila mmoja hupaka mafuta mikono kabla ya kushika kisu. Kwa mikono hiyo hakuna anayeweza kushika simu, na macho yote yako kwenye maganda. Baada ya saa mbili za habari za bei ya kahawa, mmoja husema, bila kuulizwa na mtu, kwamba alitaka kuwa mwanasheria, au kwamba mume aliyempata siye aliyemtaka. Hakuna anayeinua kichwa. Mmoja huguna, mwingine hutupa ndizi kwenye beseni, na mazungumzo huendelea hadi mkungu unaofuata.

Ajali hutokea ikiwa mmoja wa wamenyaji ni mgeni wa utaratibu huo na siku ya tatu anaipeleka habari kwenye kikundi cha kukopeshana. Kwa kosa la aina hii mlima una dawa ya zamani: jani la isale, lile la kijani linaloota kwenye mipaka ya vihamba, hupelekwa kwa aliyekosewa pamoja na mbege. Isale ikishafika mlangoni, ni vigumu mno kwa mwenye nyumba kukataa kusamehe. Mbege hugharamiwa na mkosaji.

Basi msomaji atakayekaribishwa Moshi Desemba hii, akitaka kujua yaliyo moyoni mwa wenyeji wake, aombe kisu na mafuta ya mikono, akae upande wenye mikungu, anyamaze. Na ikitokea ni yeye anayeulizwa anapenda nini, aseme kupumzika. Kwaya bado inatafuta mweka hazina.