Nadaiwa Dabo

Juzi usiku mweka hazina wa kamati ya harusi alinipigia simu kunikumbusha kwamba ahadi yangu ya dabo, yaani kadi ya watu wawili, laki moja na nusu, haijaingia. Kwa upole wa mtu aliyezoea kutukanwa, akaniuliza: "Kaka, tukuweke kwenye wanaolipa nusu au wanaomalizia?" Nikamwambia bwana harusi ni mimi. Kimya. Nikasikia karatasi zinapekuliwa. "Hongera sana, kaka. Lakini jina lako lipo."

Hii ilikuwa iwe harusi ya watu 40. Uani kwa rafiki yetu Kigamboni, chini ya mwembe, pilau na spika moja. Maharusi wasikalishwe jukwaani kama bidhaa za Sabasaba, na kila anayekuja awe analijua jina la mwenzangu bila kulisoma kwenye kadi. Nikamweleza mama. Akasikiliza mpaka mwisho, akaingia chumbani, akatoka na kaunta buku.

Lile buku limeninyima usingizi. Kila harusi, sendofu na kipaimara alichochangia mama tangu sijaanza shule kimo humo: jina, kiasi, na alama ya vema kwa aliyekwisha kurudisha. Hakuna mkataba, hakuna riba, hakuna mahakama. Deni linakaa kimya miaka 20, halafu siku mtoto wako anapotaka kuoa linaamka lenyewe, tena limenenepa, maana uliyempa elfu kumi zamani zile hathubutu kukurudishia elfu kumi. Anajua singo ya leo ni bei gani. Wanaokwenda benki huweka hati ya nyumba. Mama aliniweka mimi. Na kikao cha kwanza cha kamati nacho kina ufundi wake: mwenyekiti sharti awe mtu wa cheo, na sharti aahidi wa kwanza, kwa sauti. Akishataja milioni, nani atasimama na elfu ishirini yake? Aliyebuni utaratibu huu angepewa Benki Kuu, shilingi ingepumzika. Mimi nilidhani napunguza wageni, kumbe nilikuwa nafuta akiba ya mama yangu.

Shangazi akaunda kamati jioni ile ile. Arobaini wakawa 250, kundi la WhatsApp likafunguliwa, na namba zote za simu yake zikaingizwa kama wachangiaji, yangu ikiwemo.

Simu nimeisamehe. Nisichosamehe ni mlango. Ukumbini kutasimama vijana wa kuskani kadi, na kadi haitoki bila mchango kutimia. Jirani yetu muuza vitumbua, aliyekuwa akinilaza kwake mama akiwa zamu ya usiku, ametoa elfu tano. Katika wale 40 alikuwa wa tatu kwenye orodha. Kamati imemtumia ujumbe wa shukrani, kadi hana. Bosi wa binamu yangu, mtu ambaye hata salamu yangu hajawahi kuiitikia, ana meza ya mbele. Nilipolisema kikaoni, mwenyekiti alinijibu, bia ya bajeti ya kikao mkononi, kwamba tukianza kuangalia sura za watu hatutafika. Hivi sherehe ya watu wawili tukiangalia sura za watu, tumemkosea nani?

Mengine ni madogo. Rangi ya sare imepigiwa kura, bibi harusi hakuwemo. Matarumbeta yamelipiwa. Ndafu amepatikana, ingawa katika koo zetu mbili hakuna Mchaga. Mshereheshaji anataka historia ya mapenzi yetu, isizidi dakika mbili.

Tulichobaki nacho wenyewe ni taarifa ya ndoa kwa msajili. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka ifike siku 21 kabla, itangazwe, ili mwenye pingamizi ajitokeze. Shangazi ameuliza kama pingamizi linaweza kuhusu ukumbi.