Umekusudia Gololi, Umepata Limau: Mwongozo kwa Mwenye Kerezo Dogo

Kerezo ni mashine karimu. Funga kipande cha shaba, washa, sogeza kisu, na chochote utakachokata kitatoka duara hata kama akili yako iko sokoni. Lakini hilo ni duara moja tu, lile linalozunguka mhimili. Gololi inadai la pili: lile linaloanzia nchani, likapanda hadi tumboni, kisha likashuka hadi shingoni. La kwanza unapewa na mashine. La pili unalitoa mwenyewe, na hapo ndipo wengi huumbuka. Ndiyo maana meza za mafundi wa nyumbani zimejaa matunda: walikusudia gololi, wakavuna malimau, nyanya na mananasi. Mwongozo huu umeandikwa kuwatoa shambani.

Kwanza: usishindane na beringi

Ikiwa unataka gololi ya chuma ya kuweka ndani ya beringi, funga karakana uende dukani. Mwaka 1883 Friedrich Fischer, wa mji wa Schweinfurt nchini Ujerumani, alibuni mashine ya kusaga gololi za chuma kwa wingi zikatoka za saizi moja, na tangu hapo vita hivyo vimekwisha. Kisu chako hakitaushinda usagaji.

Gololi inayostahili kerezo ni ile yenye shingo au tundu: kichwa cha mpini, kifundo kinachobeba fito za garimoshi la mfano, au zile gololi mbili zinazozunguka katika kidhibiti mwendo cha injini ya mvuke, chombo ambacho James Watt alianza kukitumia kwenye injini zake mwaka 1788. Nchini Uingereza, ambako jarida la Model Engineer limewalea waunda injini ndogo tangu 1898, gololi za namna hii ni kazi ya kawaida ya karakana ya nyuma ya nyumba. Nawe unaziweza.

Pili: piga hesabu kabla ya kuwasha

Tuchukue gololi ya milimita 20 yenye shingo ya milimita 8, ya shaba ya manjano, maana shaba hiyo hukatika safi na haimchoshi mwanafunzi.

Kosa la kwanza hufanyika mashine ikiwa bado imezimwa. Fundi hujiambia: gololi ni ya milimita 20, basi shingo inaanza milimita 20 kutoka nchani. Sivyo. Shingo imekwishakula sehemu ya gololi. Kutoka nchani hadi gololi inapokutana na shingo ya milimita 8 ni milimita 19.17. Anayepuuza hiyo sehemu ndogo hubaki na pete ya shaba shingoni, halafu huilaumu mashine.

Sasa hesabu ya umbo lenyewe. Chagua umbali wowote kutoka nchani. Uzidishe kwa kile kinachobaki cha kipenyo. Tafuta kipeuo cha pili, kisha zidisha kwa mbili. Kwa mfano, milimita 2 kutoka nchani: 2 mara 18 ni 36, kipeuo chake ni 6, kwa hiyo kipenyo hapo ni 12. Milimita 4: 4 mara 16 ni 64, kipeuo ni 8, kipenyo 16. Ukiendelea hivyo utapata orodha hii, kutoka milimita 1 hadi 9: 8.72, 12.00, 14.28, 16.00, 17.32, 18.33, 19.08, 19.60, 19.90. Kwenye milimita 10 umefika tumboni, 20 kamili.

Tazama orodha hiyo kwa makini. Milimita ya kwanza inaruka kutoka sifuri hadi karibu 9, ilhali ya mwisho inaongeza sehemu moja tu ya kumi. Hapo ndipo jicho hudanganyika. Mtu anayekereza kwa kukisia hula tumbo mno na kuogopa ncha, kwa sababu jicho linadhani mzingo unapanda sawasawa. Haupandi sawasawa.

Tatu: kata ngazi, uvune nanasi kwa makusudi

Asiye na kifaa maalumu aanze hapa. Kata shingo kwanza ili kisu kipate nafasi ya kupita nyuma ya gololi. Kisha anza na umbali mkubwa: kata milimita 9 kutoka nchani hadi kipenyo 19.90, halafu milimita 8 hadi 19.60, ukirudi hatua kwa hatua hadi milimita 1 na 8.72. Upande wa shingoni rudia vipimo vilevile kwa kisu kinachokata kuelekea upande mwingine. Kila mara gusa alama ya gurudumu ukitokea upande uleule, kwa sababu skrubu ina ulegevu wake na ukigeuza mwelekeo utapoteza kipimo. Hakikisha pia kama alama za gurudumu lako zinahesabu kina cha kisu au kipenyo, maana mashine hutofautiana.

Sasa una nanasi. Usilionee haya, hili ni nanasi la halali. Lipake wino wa kalamu ya kuwekea alama, kisha chukua tupa laini. Pembe za ndani za ngazi zote ziko juu ya uso wa gololi uliyoikusudia. Piga tupa hadi wino wa kwenye pembe hizo uwe karibu kutoweka, kisha simama. Ukipita hapo unakula gololi yenyewe.

Tupa iwe na mpini, na mpini uushike kwa mkono wa kushoto ili mkono wako usipite juu ya taya zinazozunguka. Mikono ya nguo ipandishwe. Glavu ziwekwe mbali, na msasa usiuzungushe kidoleni hata siku moja. Shaba ikiharibika utanunua nyingine.

Nne: kifaa cha kuzungusha kisu

Kifaa hiki hubeba kisu juu ya ekseli iliyosimama wima, chini ya gololi. Unazungusha mpini, ncha ya kisu inachora duara, na lile duara la pili tunalolitafuta linapatikana bila hesabu ndefu. Sharti ni moja: mstari wa ekseli hiyo upite katikati kabisa ya mhimili wa kerezo. Ukikosea, tunda lenyewe litakueleza ulikokosea.

Umepata limau, lenye ncha iliyochongoka? Ekseli imevuka mhimili, imekwenda upande wa pili mbali na kisu. Irudishe.

Umepata nyanya, pana kiunoni na iliyobonyea kichwani? Ekseli haijafika mhimilini, imebaki upande wa kisu. Isogeze mbele.

Umepata chungwa lenye kikonyo? Hongera kidogo, maana umbo lako ni tufe la kweli. Kisu tu ndicho kiko juu au chini ya kimo cha mhimili, na kikonyo kile ni shaba ambayo ncha ya kisu haikuweza kuifikia. Weka vipande vyembamba vya bati chini ya kisu au uviondoe, mpaka kikonyo kipotee.

Umepata nanasi ambalo hukulipanga, lenye mistari mistari na kelele nyingi? Huo ni mtetemo. Kaza kila kinacholegea, punguza kasi, kata kidogo kidogo, na usiache kisu kikichomoza mbali na mahali kilipofungwa. Kerezo dogo halina uzito wa kukusamehe.

Ili ekseli ikae mahali pake tangu mwanzo, usitegemee macho. Simamisha pini ya milimita 6 kwenye tundu la ekseli. Ilete hadi iguse kipande cha milimita 20 kilichofungwa kwenye taya. Kati ya kitovu cha pini na kitovu cha kipande sasa kuna milimita 13, yaani 3 na 10. Rudisha kifaa nyuma, toa pini, kisha ingiza kifaa milimita 13 kupita pale kilipogusa. Umefika katikati.

Tano: acha bomba litoe hukumu

Ukilikata tufe popote kwa msumeno ulionyooka, uso unaotokea ni duara. Hakuna umbo jingine lenye sifa hiyo, na ndiyo siri ya kipimo bora kuliko vyote karakanani. Chukua kipande cha bomba la chuma chenye tundu la milimita 14 hivi, mdomo wake ukiwa umekatwa wima na safi. Zima mashine, uweke juu ya gololi, kisha weka taa nyuma. Mwanga ukipenya mahali, pale si duara. Geuza bomba kila upande, isipokuwa shingoni.

Bomba hilohilo hukata. Mashine ikizunguka polepole, libane juu ya gololi ukiliyumbisha taratibu huku na huku. Ukingo wake wa ndani utaparuza vilima na kuyaacha mabonde, na gololi itazidi kukaribia ukweli kila dakika.

Mwisho: kereza ya pili

Gololi moja ya kupendeza haithibitishi kitu. Injini ya Watt ilihitaji mbili zenye uzito uleule, nawe fanya vivyo hivyo. Kereza ya pili kwa vipimo vilevile, uzikate zote mbili shingoni, kisha uziweke kwenye mizani ya sonara. Gololi ya shaba ya manjano ya milimita 20 ina uzito wa gramu 35 au 36 hivi. Maranda yaliyo sakafuni yasikutie huzuni: Archimedes alikwisha kuthibitisha kwamba tufe huchukua theluthi mbili tu za mche duara linamoenea, kwa hiyo theluthi moja ilikuwa ya kutupwa tangu mwanzo.

Uzito hukua kwa kipenyo mara kipenyo mara kipenyo. Zikitofautiana sehemu moja tu ya kumi ya milimita, mizani itaonyesha pengo la nusu gramu, ambalo jicho na vidole havikuliona. Kama lipo, rudisha ile nzito kwenye kerezo na uiparuze kwa bomba. Kama halipo, zifunge kwenye kidhibiti mwendo, washa moto chini ya bwela, uone injini ikishika mwendo wake.