Upepo Uliolipwa Kukaa Bure

Sisi wa Rungwe Mpya, Kasulu, tusiwacheke Wakenya. Ila kidogo, turuhusiwe.

Kule Loiyangalani, Marsabit, karibu na Ziwa Turkana, walisimamisha mitambo 365 ya upepo, megawati 310. Mwaka 2017 yote ilikuwa tayari. Upepo nao, kwa kuwa haungoji zabuni, ulishafika zamani. Kilichokosekana ni waya. Kampuni ya Hispania iliyopewa kujenga njia ya zaidi ya kilomita 400 hadi Suswa ilifilisika kabla ya kumaliza kazi, na serikali ikatozwa mabilioni ya shilingi kwa kuchelewa. Upepo ukapita zake, Nairobi haikuwaka hata taa moja, ankara ikaja. Njia iliwashwa Septemba 2018.

Huku kwetu kungoja waya tumekusomea. Majenereta ya Kasulu yalizimwa 2022, gridi ya Taifa ilipotufikia kutokea Nyakanazi. Lakini dizeli, pamoja na moshi wake, ilikuwa na adabu: ukiilipia, angalau inaunguruma.

Singida ni kioja kingine. Njia ya kilovolti 400 ya Iringa–Shinyanga imepita mlangoni, upepo unavuma usiku na mchana, na habari za kuuvuna zinazungumzwa kwa zaidi ya miaka 10. Marsabit ilikuwa na mitambo bila waya. Singida imekaa na waya bila mitambo. Ningekuwa waziri ningewaozesha, ila mahari ingenishinda: Wakenya ule upepo wao wanaulipia kwa yuro.