Mkubwa, Mdogo na Volti Zao

Miongoni mwa vitu ambavyo Mji Mkongwe wa Unguja hauna hata chembe, cha kwanza ni faragha na cha pili ni hewa kavu. Na mtu anayekusudia kuunda kwa mikono yake amplifaya ya hedifoni za umemetuli, yaani zile zisizotumia sumaku wala koili bali utando mwembamba kuliko unywele, uliowambwa baina ya sahani mbili zenye matundu, hana budi kuvihitaji vyote viwili.

Kampuni ya Stax ya Japani ndiyo iliyotangulia kuuza hedifoni za namna hii, mwaka 1960, na zile za zamani utando wake huridhika na volti 230. Walakini mwanzoni mwa miaka ya 1980 ikatoa aina nyingine itakayo volti 580, ikaipa plagi ya pini tano badala ya sita, ili ile ya zamani isipate hata njia ya kuingia katika tundu la mpya na kulishwa umeme isiouhimili. Za pini sita nilirithi kwa ami yangu aliyeishi Maskati, za pini tano nikazinunua mwenyewe, na amplifaya yangu, iliyokuwa imeundwa kwa ajili ya hizi mpya tu, ikabidi iongezewe tundu la pili na volti zake. Sahibu yangu mmoja, fundi wa redio wa Mlandege, mshauri wangu katika mambo haya, alichoka kutaja pini na volti kila mara, akaziita za ami Mkubwa na zangu Mdogo. Na katika majina hayo mawili, ambayo kwa dhahiri yake hayana ila yoyote, ndimo zilimotoka balaa zote.

Kijana wangu wa shule aliposikia kwamba Mkubwa anataka 230, aliuliza kwa nini nisimpe moja kwa moja kutoka ukutani, maadamu umeme wa nyumba zetu nao ni volti 230. Nilimweleza kwamba umeme wa ukutani huenda na kurudi mara 50 kwa sekunde, ilhali utando hutaka umeme uliotulia. Na kwamba, zaidi ya hayo, umeme wetu unatoka bara kwa kupita chini ya bahari, toka Ras Kiromoni hata Fumba, na watu waliokaa gizani kisiwa kizima tangu Desemba 2009 mpaka Machi 2010 hawawezi kuusifu kwa utulivu. Kwa hiyo nilitumia ngazi ya dayodi na kapasita, ya jamii ile ile iliyowawezesha Cockcroft na Walton kuvunja kiini cha atomu huko Cambridge mwaka 1932, nami sikuitakia makuu zaidi ya taarabu. Nikapata kwayo volti 580 za Mdogo, nikachepua tawi, nikalishusha kwa dayodi za zena hadi 230 za Mkubwa, na kila upande nikaupitisha katika rezista ya omu milioni tano, ili utando ujazwe polepole na chaji yake isipate pa kukimbilia.

Siku ya kupima, fundi alikaa karibu na dirisha ili apate mwanga. Dirisha langu la Kiponda linatazamana na la jirani kwa masafa ambayo bakuli la sukari hupita bila ya mtu kuteremka ngazi. Na fundi, kwa kuwa miaka mingi ya kujaribu spika imempunguzia masikio, husema kwa sauti ya muadhini.

"Bwana wee!" akanadi. "Mdogo ulimuahidi mia tano na themanini, na hapa anapata mia tatu themanini na saba! Mkubwa naye kapunjwa, mia na hamsini na tatu! Zilizobaki anakula nani?"

Nami, ili anisikie, nikajibu kwa sauti iyo hiyo kwamba hakuna aliyepunjwa, ila kipimo chenyewe, kwa kuwa ndani yake mna omu milioni kumi, kikiwekwa mbele ya rezista ya milioni tano hujikatia thuluthi ya kila kinachopita. Apime nyuma ya rezista, ataona haki za wote wawili zimetimia. Akapima, zikatimia. Lakini dirisha la pili lilikuwa limekwisha kufungwa, na kufungwa kwa dirisha la Mji Mkongwe wakati wa joto si dalili ya heri.

Alasiri habari ilikuwa barazani. Magharibi mama mkwe wangu aliteremka katika daladala ya Bububu, akapita ukumbini bila ya kuniamkia, akaingia chumbani kwa bintiye. Baada ya isha mzee mmoja wa baraza, mtu wa elimu na taadhima, akanichukua kando akanikumbusha kwa upole kwamba sharia haimlazimishi mtu kuongeza mke, lakini akisha kuongeza humlazimisha insafu. Basi ni uadilifu gani huo, mkubwa masurufu yake elfu mia mbili na thelathini, na wa juzi mia tano na themanini?

"Shekhe," nikasema, nikidhani kwamba anaulizia mtambo, "nikimpa Mkubwa kama za Mdogo atanata ukutani, na yamkini akaungua."

Mzee akasema astaghfirullah, akaondoka.

Masika nayo ikazidi kunifedhehi. Unyevu ukishaingia katika utando, chaji huvuja, na hedifoni hutoa mchakaricho mwembamba mithili ya kwikwi. Mke wangu, ambaye kwa miaka yote hii hakuwahi kunifanyia inda, alimjibu mamaye mbele ya watu kwamba ndiyo, ni kweli, Mdogo hulia usiku kucha mvua ikinyesha, na mume wangu hukaa naye akimpepea kwa feni. Alikuwa akijua yote tangu mwanzo, na alikuwa akistarehe.

Mwisho nilimkalisha mama mkwe kitini, nikamvisha Mkubwa, nikamwekea Siti binti Saad, mojawapo ya zile santuri zilizoanza kurekodiwa Bombay mwaka 1928. Alisikiliza upande mzima, akavua, akatoa hukumu: mikwaruzo ya santuri ameisikia sawasawa, haijapata kusikika vizuri namna ile. Tangu hapo huja kila Ijumaa, na Mkubwa hagusi mtu mwingine.

Nawe msomaji, ukitaka kuongeza tundu la pili katika mtambo wako, chomoa waya ukutani, ngoja kapasita ziishiwe kabisa kabla hujatia mkono, pima nyuma ya rezista wala si mbele yake, na kabla ya yote hayo funga dirisha.