Jinsi ya Kupendwa Tokyo kwa Kalenda na Daftari

Wengi wanaoanza kucheza Persona 5, gemu ya kampuni ya Atlus iliyotoka Japani mwaka 2016 na kufika kwingineko Aprili 2017, huingia wakidhani wanakwenda kupigana na mashetani. Watapigana nao, ndiyo. Lakini kazi yenyewe ni ukarani. Tafuta daftari.

Wewe ni mwanafunzi wa sekondari uliyewekwa chini ya uangalizi mwaka mzima kwa kosa la kusingiziwa, unalala darini mwa mkahawa wa Leblanc, na shule nzima inakusengenya. Usijitetee. Huku maneno matamu hayatangulii. Zinatangulia sifa tano zenye ngazi tano kila moja: Maarifa, Ujasiri, Ustadi, Wema na Mvuto. Wema hupatikana kwa kutia mbolea mmea wa chumbani. Mvuto huja kwa kuoga kwenye bafu la umma (hilo tukubaliane, linafaa hata nje ya gemu). Ujasiri utaupata kwa kunywa dawa za majaribio za Takemi, daktari wa uchochoroni, bila kuuliza zina nini ndani.

Usimkaribie mtu kabla ya kujua masharti yake. Makoto, rais wa wanafunzi, ataongozana nawe vizuri hadi ngazi ya 5 ya urafiki wenu, kisha unazimika kama bodaboda iliyoishiwa mafuta mpaka Mvuto wako ufike kileleni. Haru, binti wa tajiri wa baga anayelima mboga juu ya paa la shule, ni mgumu zaidi: anaingia mwaka ukielekea ukingoni, na bila Ustadi wa ngazi ya juu kabisa humvuki hata hatua ya kwanza. Wanaume wazima wamelizwa na mboga zile.

Ukienda kuonana na mtu, beba pepo wa karata yake ya taroti. Ann wa darasani kwako ni Wapenzi, Takemi ni Kifo. Maneno ni yaleyale, sura ni ileile, ila ukiwa na pepo anayefanana naye, alama zinaongezeka. Waliokulia kwenye hirizi hawatahitaji maelezo zaidi. Kisha chunga majibu. Rafiki akikueleza shida iliyomnyima usingizi, wewe tazama noti za muziki zinazomtokea kichwani: zikiwa tatu, umesema kweli. Zisipotokea, rudi ulipohifadhi mchezo ukawe na huruma upya.

Muda ndio mali. Siku ina nafasi moja baada ya masomo na moja jioni, na ukirudi kutoka kupora Kasri la adui, paka Morgana anakuamuru ulale. Hapo utamthamini Chihaya, mpiga ramli wa Shinjuku. Atakuuzia jiwe takatifu kwa yeni 100,000. Ni chumvi. Nunua tu, kwa sababu baadaye, kwa malipo, atakusogezea mioyo ya wengine bila wewe kuonana nao. Washenga wetu walikuwa ghali kuliko huyo.

Pengine dhamiri itakusumbua. Hadithi yenyewe inahusu vijana wanaowaadhibu wakubwa wenye kugeuza watu kuwa vyombo: Kamoshida, kocha anayewatesa wachezaji wake, na Madarame, mchoraji anayejipatia jina kwa kazi za wanafunzi wake. Unamaliza kumtia adabu Madarame, unarudi darini kupiga hesabu ya faida. Hifumi, mchezaji wa shogi, anakupa uwezo wa kubadilisha wapiganaji katikati ya pambano. Yoshida, mwanasiasa aliyeporomoka, anakufundisha hotuba za kuwakamua mashetani. Takemi anakupunguzia bei ya dawa. Usijilinganishe na Kamoshida. Yeye hakuwa na daftari.

Ngazi ya 9 ndipo swali linapokuja: urafiki au mapenzi? Uwezo utakaopewa ngazi ya 10 ni uleule kwa vyovyote vile, kwa hiyo anayechagua mapenzi kwa wote hawezi kusingizia mkakati. Ni tamaa tu. Orodha ina wanawake tisa, kumi kwenye toleo la baadaye liitwalo Royal, na ndani yake yumo mwalimu wako wa darasa. Hapo mwongozo huu unageuka pembeni. Kwingineko hiyo ni kesi ya polisi, na waandishi wa Atlus walijua.

Kwa wenye tamaa, gemu inakaa kimya miezi kadhaa. Tarehe 14 Februari unatoka na mmoja. Kesho yake wapenzi wako wote wanakutana Leblanc. Fumanizi la mtu mmoja tunalijua. Hili ni la kamati nzima. Usijieleze, pokea kipigo, hadithi inaendelea.

Ukimaliza gemu na kuianza upya, pesa zako na sifa zako tano unabaki nazo. Wao hawakukumbuki. Ustadi wako tayari uko kileleni, basi safari hii panda na mboga za Haru.