Heri Kanuni Isiyoeleweka

Kete ya kawaida ya drafti inakula kurudi nyuma, au haili? Swali hilo liliulizwa Base Camp, kwenye makazi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, Jumamosi moja baada ya chakula cha mchana, na jua lilipozama lilikuwa bado halijapata jibu. Washairi wameshasifu minazi, majahazi na macho ya wapenzi wao. Mimi leo nasimama kuisifu kanuni isiyoeleweka, maana sijaona kanuni iliyo wazi iliyowahi kuwapa watu kumi na wawili mchana mtamu namna ile bila kuwatoza hata shilingi.

Ubao ulikuwa kipande cha plaiwudi kilichopigwa mistari kwa kalamu ya bluu, miraba 64, mmoja umeungua pale mtu alipowahi kutua sufuria. Kete ni vifuniko vya soda: vya huyu vimelala chali, vya yule kifudifudi, na kifuniko kikifika ng'ambo kinapandishiwa mwenzake mgongoni, kinakuwa kingi. Upande mmoja alikaa fundi cherehani wa kutoka Bukavu. Upande wa pili, kijana wa bodaboda aliyeleta abiria kutoka Mbarara na alikuwa anamsubiri arudi naye. Fundi akainua kifuniko, akala viwili kwenda mbele, kisha bila kupumzisha mkono akageuka akala cha tatu kwa nyuma. Kijana akamshika kiganja.

"Papa, hiyo ni sheria ya wapi?"

"Ya Bukavu."

"Hapa si Bukavu."

"Hata Mbarara si hapa."

Waliokuwa wanapita wakasimama.

Ubaya wa mambo, au tuseme uzuri, ni kwamba wote wawili walikuwa sahihi. Drafti ya Wafaransa ina ubao wa miraba 100 na kete 20 kila upande. Kete ya kawaida inaruhusiwa kula nyuma, na kingi, ambaye wao humwita dame, anateleza mlalo mzima kama basi la usiku lisilosimama vituoni. Drafti ya Mwingereza ina miraba 64 na kete 12. Kete haili nyuma, na kingi, pamoja na taji lake lote, anakwenda hatua moja moja kama mgonjwa anayetoka zahanati. Ukishuka Tanzania utakuta ubao wa Mwingereza una kingi anayeruka kama wa Mfaransa, na hakuna aliyeomba ruhusa. Sasa wachukue wote hao uwakalishe kwenye benchi moja.

Benchi hilo ni Nakivale. Tangu mwisho wa miaka ya 1950, Watutsi walipokuja wakikimbia Rwanda, bonde hili la Isingiro limepokea Wakongomani, Warundi, Wasomali, Waethiopia, Waeritrea na wengine. Kila aliyefika alibeba alichoweza: godoro, sufuria, na sheria zake za drafti. Mizigo ilikaguliwa njiani. Sheria zilipita.

Na hapo hatujagusa mbao za mashimo. Mnyarwanda ana igisoro, Muganda ana omweso, Mswahili ana bao: zote mashimo 32, zote kete 64, kiasi kwamba mgeni atadhani ni mchezo mmoja. Keti uone. Mpwani anaanza na kete 22 mkononi na nyumba yake ya kuilinda. Mnyarwanda anamtazama kama mtu aliyeficha nyama mfukoni, maana kwake kete zote huwa ubaoni tangu mwanzo na hajawahi kusikia habari za nyumba. Nilishuhudia mechi ya namna hiyo isiyoanza kabisa. Ilikuwa mechi nzuri sana.

Kuna watu wamejaribu kuitokomeza kanuni isiyoeleweka, na yafaa tuwakumbuke kwa huruma. Mwaka 1824 afisa wa Prussia, Georg von Reisswitz, alilipatia jeshi lake mchezo wa vita wa mezani: ramani, vipande vya kuwakilisha vikosi, dadu, na majedwali ya kuhesabu nani kafa. Majedwali yakazaa majedwali, mpaka ukihitaji kuvusha kikosi kimoja mtoni unashinda unafunua kurasa. Mwaka 1876 Julius von Verdy du Vernois akasema yatosha, kitabu kiwekwe kando na aamue mwamuzi mwenye uzoefu. Yaani miaka 52 ya hesabu, na jeshi la Prussia likamvumbua mzee wa chini ya mti.

Wajukuu wa mchezo huo wapo hadi leo. H. G. Wells, mwandishi mzima wa Kiingereza, alitoa kitabu mwaka 1913 cha kuwafundisha watu wazima kulala sakafuni na kupigana kwa askari wa kuchezea. Tangu 1987 Waingereza wana Warhammer 40,000, jeshi la visanamu vinavyopakwa rangi kwa brashi ndogo kuliko wanja, na vitabu vya sheria vinavyofuatwa na masahihisho na majibu ya maswali. Nao wanabishana vizuri, siwanyimi haki yao. Nikiona ncha ya mkuki tu juu ya ukuta, nimemwona askari? Mtu na shahada yake anachutama, anafumba jicho moja usawa wa meza, anapima. Hapo nilikuwa tayari kuwaita ndugu. Lakini vitabu vyao vikawashauri kwamba wakishindwa kukubaliana, warushe dadu, na dadu iamue. Msiba! Umepanda, umepalilia, mahindi yamekomaa, halafu unawafungulia mbuzi shamba.

Dadu yenyewe, kwa taarifa yao, nayo inahitaji kufasiriwa. Nendeni Mbarara kwenye stendi yoyote ya bodaboda yenye kivuli na ubao wa ludo. Dadu ikirushwa ikaegemea ukingo wa ubao, nusu sita nusu nne, utaona vijana ambao hawakuitikia abiria mara tatu wakisimama wote kwa pamoja. Mmoja anasema irushwe tena. Mwingine anasema ukingo ni sehemu ya ubao. Wa tatu, ambaye hachezi wala hana hela ndani, anataka kujua juzi ilipoegemea vile vile kwa fulani iliamuliwaje. Kumbukumbu ya kesi za zamani ipo kichwani mwa huyo asiyecheza, na ole wako uipinge. Kanuni iliyo wazi ingemfanya mtu huyu kuwa mzururaji. Kanuni isiyoeleweka imempa cheo.

Msinidhanie sijui thamani ya kanuni iliyo wazi. Naijua. Nilifika siku moja mbele ya dirisha la ofisi fulani, jina langu kwenye karatasi likiwa na r na kwenye kadi likiwa na l. Kanuni ilikuwa safi kama maji ya chupa: majina yakitofautiana, rudi ulikotoka. Nyuma yangu foleni nzima, na hakuna aliyesema "ngoja kwanza". Hakuna aliyeuliza hiyo ni sheria ya wapi. Dakika mbili, kwisha, nami nikarudi nyumbani nikiwa na hoja zangu zote tumboni hazijatumika. Nilizipeleka kwenye drafti, na pale zilisikilizwa, zikapingwa, zikaombewa ushahidi.

Jumamosi ile zilihitajika. Fundi alikuwa ameongeza shtaka jipya: hatua mbili nyuma kijana alikuwa na cha kula akasahau, na kwa desturi ya zamani aliyesahau kula kete yake hupulizwa, inatoka. Kijana akakubali ipulizwe, mradi kupuliza kuhesabiwe kuwa ndiyo zamu yenyewe. Fundi akasema kupuliza si kucheza. Mama wa chapati, ambaye wateja wake wote walikuwa wamehamia benchini, akaja na mwiko mkononi akauliza ni nani aliyepulizwa, akaelezwa tangu mwanzo na watu watano, akaketi.

Kisha mvua ikaanza kudondoka. Wanaume wanne wakaubeba ule ubao, kila mmoja na kona yake, polepole kama wabeba jeneza, hadi kibarazani kwa mama wa chapati, na hakuna kifuniko kilichotikisika. Wakautua. Wakapangusa nyuso. Mzee mmoja wa Kirundi, aliyekuwa kimya mchana kutwa na ambaye wote tulikuwa tunamtegemea atoe hukumu, akainama, akautazama ubao kwa muda mrefu, akauliza:

"Kwani zamu ilikuwa ya nani?"

Fundi akasema yake. Kijana akasema yake. Abiria alikuwa ameshapanda boda nyingine.